Mkono wa Vidole Vitatu

"Bandika hiyo kadi uone," Magrieta alimwambia bintiye. "Nitaing'oa, na wewe nitakung'oa hapo."

"Mama, kila picha ina jina la aliyeichora. Yangu tu ndiyo iwe yatima?"

"Afadhali picha yatima kuliko mimi nikuzike."

Rozelle alisimama katikati ya ukumbi wa kanisa, kadi mkononi. Kuta zilijaa kazi za wanafunzi na wazazi wao: pengwini, papa, misitu ya mwani, na perlemoen, wale konokono wa miambani ambao wezi wamewavuna usiku na mchana hadi wamebaki wa kutafutwa kwa tochi. Maonyesho yote yalikuwa ya kuwatetea viumbe hao. Picha ya Rozelle ilikuwa namba kumi na nne: mkono ukibandua konokono mchanga kwenye mwamba. Mkono wenye vidole vitatu.

Toka hapa hadi mji wa Gansbaai, mkono huo ni wa mtu mmoja.

"Kwani nimeandika Fanus? Nimechora mkono tu."

"Mkono tu! Si ungemchorea na namba ya gari lake, na saizi ya viatu?"

Asubuhi ya siku hiyo Fanus alikuja mwenyewe, Magrieta akiwa anapanga vikombe. Jua lilikuwa kali, lakini mkono wake wa kulia haukutoka kwenye mfuko wa koti. Alisimama mbele ya namba kumi na nne mpaka chai aliyopewa ikapoa. Kisha akatabasamu. "Bi Magrieta, huyu fundi ni nani?" Magrieta akasema hajui, kadi za majina bado. "Basi nitarudi saa kumi, mkifungua. Nataka kumpongeza."

Sasa ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano.

Mwaka jana Basil Julies aliripoti boti moja tu ya Fanus polisi. Mpaka leo, mvua ikinyesha, kiwanja ilipokuwa nyumba yake kinanuka masizi.

Rozelle aliitazama saa ya ukutani. Ujeuri ukamtoka. "Tuitoe basi, Mama."

"Ameshaiona. Akikuta msumari mtupu atajua mchoraji kaogopa, aanze kuuliza mlango kwa mlango."

"Na ikikaa bila jina?"

"Atamuuliza mke wa mchungaji. Yule mama hata umri wake hawezi kuudanganya."

Nje, magurudumu yalisaga kokoto. Injini ikazimwa. Mlango wa gari ukafungwa taratibu, kama mtu asiye na haraka yoyote.

Magrieta aliipokonya ile kadi, akaigeuza, akachomoa kalamu kwenye nywele na kuandika kwa herufi kubwa: MAGRIETA GELDERBLOEM.

"Mama! Wewe hata kikombe hujui kukichora!"

"Yeye hajui hilo. Pita jikoni, nenda kwa shangazi yako, na usigeuke nyuma."

"Mama..."

"Nenda!"

Mlango wa jikoni ulipojifunga, Magrieta aliibandika kadi chini ya namba kumi na nne na kuikandamiza pini kwa dole gumba. Viatu vilikuwa vinapanda ngazi. Akaitia mikono yote miwili kwenye mfuko wa aproni, akageukia mlangoni.

"Karibu, Fanus," alisema. "Fundi uliyekuwa ukimuulizia ni mimi."