Isipokuwa Mkurugenzi

Ofisi yetu inatunga mitihani ya shule. Inatungwa katika jengo letu, inachapwa katika jengo la pili ng'ambo ya barabara, na msimamizi wa uchapaji huko ni dada yangu. Mwaka jana mtihani ulivuja, watoto wakawa nao mikononi kabla ya walimu. Mkurugenzi wetu, mtu ambaye hajakosea tangu azaliwe, akatangaza kwamba dawa imepatikana: mashine mbili za fizikia ya kwanta, moja kila jengo, zilizounganishwa kwa kebo ya kioo.

Mimi ndiye fundi wa mitambo. Siku ya uzinduzi nikasimama mbele ya wageni nikaeleza. Mashine hii haitumi mtihani, nikasema. Inatuma chembe za mwanga, moja moja, na kutokana na hizo, mashine zote mbili zinapata namba ileile ya siri. Namba hiyo ndiyo ufunguo: unafunga mtihani huku, unaufungua kule. Sasa chembe hizi zina tabia yake, ukizichungulia njiani zinabadilika. Mashine zinalinganisha baadhi yake, na zikikuta zimeharibika, taa nyekundu inawaka na ufunguo unatupwa.

"Kwa hiyo hakuna atakayechungulia," Mkurugenzi akawaambia wageni, "isipokuwa mimi, bila shaka."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikidhani ni utani.

Lazima umjue bosi wetu. Pale ofisini hakuna kitu kinachotoka bila yeye kukipitia. Barua, ombi la likizo, hata tangazo la choo kibovu, vyote vinalala kwanza mezani kwake; mtihani tu ndio kanuni zinamnyima. Ndiyo maana alitaka kebo ipite kwenye dari ya ofisi yake, ingawa njia fupi ilikuwa kwingine kabisa. Eti iwe karibu na uangalizi. Sawa, bosi.

Haikupita wiki, taa nyekundu ikawaka. Nikazima, nikawasha, ikawaka tena. Ufunguo hakuna, kwa hiyo mtihani hautumwi, na siku ya watoto kuufanya inakaribia. Mkurugenzi akaita kikao na, kwa busara zake zote, akamaliza kesi kabla hatujavuta viti vizuri.

"Mwaka jana ulivujia kwenye uchapaji," akasema. "Sasa kuna mtu anachungulia. Ni yuleyule."

Yuleyule ni dada yangu. Akamsimamisha kazi hapohapo, akanigeukia mimi.

"Wewe fundi, kakague chumba chake. Ukikuta kitu au usipokuta, Ijumaa natia saini barua ya kumfukuza. Lakini nataka kujua uko upande gani."

Uchunguzi wa haki ulioje. Na mimi, shujaa wa ukoo, nilimwambia nini? Nilimwambia ndiyo, mzee.

Dada ndiye aliyenilea mama alipofariki. Nilimkuta amesimama katikati ya chumba chake, mlinzi akimsubiri mlangoni amsindikize nje. Nikavuta droo. Nikainama chini ya meza, na kwa kuwa kulikuwa na giza, yeye ndiye aliyenimulikia kwa simu yake.

"Angalia na kwenye mkoba, mdogo wangu," akasema. "Usije ukaambiwa hukufanya kazi."

Nikaangalia na kwenye mkoba. Kulikuwa na kitana, dawa za kichwa, na picha yangu ya siku ya kuhitimu. Niliona aibu, lakini mkoba niliupekua mpaka mwisho.

Niliporudi kwenye chumba cha mitambo ndipo nilipotoa kabatini kipima kebo. Ni kidude kidogo. Unakichomeka, kinapeleka mwanga kwenye kebo, kisha kinakuambia umbali wa mahali unapovujia. Hakikusema uchapaji. Hakikusema barabarani. Kilisema juu ya meza ya Mkurugenzi.

Ijumaa, wajumbe wa bodi wakiwa wameshaketi ofisini kwake kushuhudia barua ikitiwa saini, niliingia na ngazi.

"Hiyo dari ina popo," Mkurugenzi akasema haraka.

Popo wenyewe walikuwa wamesoma ufundi. Walikuwa wameikata kebo vizuri, wakapachika kisanduku katikati, na kisanduku kilikuwa na kibandiko cha duka la umeme la shemeji yake Mkurugenzi. Nikakishusha, nikakiweka juu ya ile barua.

"Ni changu," akasema bila haya. "Nilikuwa nahakikisha hakuna anayesikiliza."

Mjumbe mmoja, mwalimu mstaafu, akavua miwani. "Binti yako si anafanya mtihani mwaka huu?"

Mkurugenzi akaanza kuangalia saa.

Nikaiunga kebo, na kabla chai ya wajumbe haijapoa taa ikawa ya kijani. Bodi ikamwadhibu Mkurugenzi vikali sana: ikampa likizo. Dada akaandikiwa barua ya kumshukuru kwa uvumilivu wake.

Nikavuka barabara mbiombio kumpa habari. Alikuwa amesharudi chumbani kwake, anarudisha vitu kwenye droo. Nikamsimulia ngazi, popo, kisanduku, sura ya bosi. Nilisema mno, najua. Yeye hakucheka hata kidogo.

"Hicho kipima kebo," akasema, "kililetwa lini?"

"Kilikuja na mashine."

"Kwa hiyo siku ile unanifungulia mkoba, kilikuwa kabatini."

Mashine ilikuwa inanguruma taratibu nyuma yake, taa ya kijani, mtihani unapita salama. Ningeweza kumdanganya.

"Ndiyo, dada."

Akafunga droo polepole, akavuta kiti akaketi mbele ya mitambo yake.

"Haya," akasema. "Rudi kazini, fundi."