Kukaa na Torcuil

Tangu Torcuil apotelee mlimani mwezi wa Januari, mkewe Mairead hakuwa ametoa chozi hata moja, na kijiji kizima kilikuwa kinalisubiri chozi hilo. Wanawake wa kanisani walimletea supu na keki, wakamtazama usoni, wakaondoka na vyombo vyao. Yeye mwenyewe alilisubiri pia, kama mtu anayesubiri kupiga chafya. Akaendelea kupika katika jiko la shule, akaendelea kulisha kuku, na kila Jumamosi ambayo mawingu yaliruhusu alipanda mlima na shemeji yake kumtafuta.

Kikosi cha uokoaji kilikuwa kimetafuta mpaka theluji ikafunika nyayo zao wenyewe. Baadaye mkuu wao alikuja nyumbani, kofia mkononi, kusema wasubiri iyeyuke. Sasa ilikuwa inayeyuka. Kondoo walikuwa wamezaa mabondeni, na kila kijito kilishuka kwa kelele.

Shemeji yake, Fearchar, alikuwa mdogo wa Torcuil, dereva wa basi la shule, mtu mnene mwenye maneno mengi. Asubuhi hiyo waliacha gari kwenye lango mwisho wa barabara, wakafuata njia ya kando ya ziwa, kisha wakaanza kupanda Meall Fraoich, wa kwanza kati ya milima mitatu ya njia hiyo.

"Shemeji, leo nimeapa sikai nyuma yako," Fearchar alisema, tayari akihema.

"Uliapa hivyo hivyo Jumamosi iliyopita."

"Jumamosi iliyopita nilikuwa na mafua."

"Ulikuwa na tumbo, Fearchar. Na leo umekuja nalo tena."

Fearchar alicheka mpaka akasimama. Mairead alijua kwamba huo ulikuwa utani na kwamba yeye ndiye aliyeutoa, lakini aliusikia kama sauti ya redio ya jirani. Akaendelea kupanda. Kinamasi kilimfyonza miguu, kikaiachia. Kulungu walikaa mbali wakiwatazama.

Kileleni upepo uliwapokea kwa mvua ya mawe, halafu jua, halafu mvua ya mawe tena. Kutoka hapo mgongo wa mlima ulikwenda mwembamba hadi mlima wa pili, Sgurr Dorcha, kule Torcuil alikokuwa amemwambia mkewe anakwenda, siku ile, akiwa bado anatafuna mkate. Nyuma ya mlima huo, upande wa kaskazini, kulikuwa na korongo ambalo jua halifiki. Ndilo pekee ambalo hawakuwa wameweza kulipekua, kwa jinsi theluji ilivyojaa.

Fearchar alisimulia habari za watoto wa kwenye basi, nani alitapika na nani alificha chura kwenye begi la mwenzake. Walipofika kwenye rundo la mawe la kileleni Sgurr Dorcha akatoa chupa ya chai. Alimmiminia, akasema bila kumtazama:

"Mama anataka tufanye mazishi."

"Bila yeye?"

"Bila yeye. Anasema amechoka kumwekea sahani siku ya Jumapili."

"Basi tufanye."

"Hivyo tu?"

"Ulitaka niseme nini, shemeji?"

Fearchar alimwaga chai iliyobaki. "Mairead, wakati mwingine unanitisha. Kweli vile."

Mairead hakukasirika. Alitaka hata kumwomba radhi, lakini hakujua ya kosa gani. Akafunga chupa, akatangulia kushuka.

Waliteremka kwa uangalifu, wakichimbia visigino kwenye mawe yaliyolowa. Chini ya korongo theluji ya zamani ilikuwa imebaki kama zulia chafu, na maji yalitoka chini yake kupitia uwazi mweusi. Karibu na uwazi huo Mairead aliona rangi ya bluu. Mkono wa koti. Wazo lililomjia lilikuwa hili tu: ni bluu kuliko nilivyokumbuka.

"Fearchar," aliita. "Njoo. Polepole, kunateleza."

Alikuja mbio. Alipoona, alipiga magoti kwenye maji akalia kwa sauti ambayo Mairead hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima. Mairead alimshika bega, akangoja. Alipoona kilio hakiishi, akamwambia sikioni, taratibu, kama anavyowaambia watoto shuleni waliomwaga maziwa:

"Nisikilize. Rudi juu kwenye mgongo, huko simu inashika. Waite watu wa kikosi. Halafu kaa hapo hapo wakuone."

"Nikuache hapa na—"

"Na mume wangu. Nenda. Na usikimbie, sitaki kutafuta wawili."

Fearchar alipokwenda, Mairead aliketi juu ya jiwe. Uso wa Torcuil ulikuwa bado chini ya theluji, na hakuufukua. Mkuu wa kikosi alikuwa amewaonya wasiguse. Lakini aliweka mkono juu ya lile koti. Kitambaa kilikuwa kigumu kama ubao.

"Tumekuja," alisema.

Akaona haifai kunyamaza baada ya hapo. Akamwambia kwamba yule kuku mwekundu amekufa, kwamba bomba la jikoni limetengenezwa, kwamba mama yake bado anagombana na mchungaji kuhusu kupasha kanisa joto. Alisema yote kwa sauti moja, kama anayesoma habari za hali ya hewa. Ndege mdogo, kipozamataza, alipanda angani akiimba, na maji yakadondoka, yakadondoka.

Aligundua ana njaa. Akala mkate wake wa jibini, halafu akala na wa Fearchar, mpaka makombo. Alijishangaa kidogo, si sana. Baridi ya jiwe ilimpanda makalioni, na hilo ndilo jambo pekee aliloweza kuapa kwamba analihisi.

Helikopta ilikuja jua likiwa limeshaegemea magharibi. Kikosi kilishuka na machela na majembe, na kati yao alikuwamo Oighrig, mwanamke mwenye duka la kijiji, aliyewahi kugombana na Mairead juu ya bei ya siagi. Walifanya kazi bila kelele. Walipomaliza, Oighrig alimwendea.

"Mairead, mpenzi, kuna nafasi ya mmoja tu. Panda, urudi naye."

Mairead alimtazama Fearchar, ambaye alikuwa amerudi na wale watu wa kikosi. Alikuwa amevimba macho, magoti ya suruali yamelowa.

"Apande yeye na kaka yake. Miguu yake imekwisha. Mimi nitatembea."

"Peke yako?"

"Njia naijua."

"Kuijua unaijua, lakini huendi peke yako," alisema Oighrig, akachukua begi lake. "Na usinibishie, umeshanibishia vya kutosha dukani."

Wakavuka pamoja mlima wa tatu, uliobaki kati yao na lango, wanawake wawili wasiopendana sana. Oighrig hakumuuliza anajisikiaje. Alimwonyesha mahali pa kukanyaga kwenye kijito, na mara moja, kwenye mteremko mrefu, alimpa biskuti ya shayiri iliyovunjika. Mairead alimshukuru. Magoti yalimuuma kila hatua.

Langoni, karibu na gari la Fearchar, palikuwa na gari jingine dogo. Mama mkwe wake alikuwa amesimama pembeni kwa koti la kanisani, mwanga wa mwisho ukiwa usoni pake.

"Ni yeye?" aliuliza.

"Ni yeye, Mama."

Yule mama aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayekubali maelekezo. Kisha akafungua mlango wa gari.

"Keti, mwanangu. Vua viatu hivyo, vimejaa maji."

Mairead aliketi pembeni mwa kiti, miguu nje. Alijaribu kufungua kamba, lakini vidole vilikataa kufanya kazi. Mama mkwe akainama, taratibu kwa ajili ya mgongo wake, akapiga magoti kwenye changarawe. Akafungua fundo la kwanza, akavuta kiatu, akakikung'uta maji. Kisha akaanza la pili. Mairead alizitazama zile mvi zilizoinama mbele yake, akaacha afanyiwe.