Juzuu ya Ishirini na Tatu

Bimkubwa alikuwa katika mwezi wa tatu wa eda, hatoki nyumbani kwake Munje, na wageni wa matanga walikuwa wamekwisha kurudi makwao. Aliobaki nao walikuwa ndani ya simu: kundi la waumini lililoitwa Nuru ya Msambweni. Alhamisi ile msimamizi alitangaza kwamba kila asiyejulikana kwa sura apate mdhamini, la sivyo ataondolewa.

Twaiba hakujulikana na mtu. Bimkubwa naye hakupata kumwona, wala kuisikia sauti yake. Lakini tangu alipofiwa na mumewe, Ubeid, ni Twaiba peke yake aliyemwandikia kila alfajiri kumwuliza ameamkaje. Akampigia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Usitie shaka, nitakudhamini mimi."

"Usinidhamini."

"Kwani umeiba mbuzi wa watu?"

Yule hakucheka. "Mimi si Twaiba. Naitwa Dama, nakaa Waa, na Jumapili huenda kanisani. Laini hii nilipoinunua ilikuwa imeachwa na mwenyewe, huyo Twaiba. Nikajikuta kundini mwenu. Nilitaka kutoka siku ile ile."

"Ukazuiwa na nini?"

"Mliniamkia. Nilikuwa nimemaliza mwezi mzima pasi na mtu wa kuniamkia."

Bimkubwa alitaka kusema neno la upole, mara likamjia jambo jingine. Katika arobaini ya Ubeid, kundi liligawana juzuu thelathini za Kurani, kila mtu asome yake kwake, ili hitima itimie. Ya ishirini na tatu ilichukuliwa na Twaiba, naye jioni akaandika kwamba amekwisha kuisoma. Kwa kauli hiyo dua ikafungwa.

"Ile juzuu uliisoma?"

"Sijui kuisoma, bibi."

"Basi ulimdanganya marehemu!"

"Nilikuona ukiomba kundini tangu asubuhi. 'Imebaki moja, ndugu zangu, nani ataichukua?' Mara nne uliandika. Watu mia moja na kumi na wawili, wote wameona, hakuna aliyejibu. Sikuweza kukutazama ukiomba mara ya tano."

Ilikuwa kweli. Bimkubwa mwenyewe alikuwa amechukua mbili, na macho yake yana mtoto wa jicho.

"Nisamehe."

"Langu nimekusamehe," alisema. "La Ubeid si langu kulisamehe." Akakata simu.

Hakumshitaki kundini, wala hakumdhamini. Ijumaa msimamizi aliiondoa ile namba. Mtu mmoja aliandika alhamdulillahi, wengine wakatuma picha za mawaridi.

Siku hiyo hiyo Bimkubwa aliushusha msahafu, akaanza juzuu ile kwa kioo cha kukuzia, aya moja moja, akipumzisha macho kila ukurasa. Ilimchukua siku tisa. Hakuwa na wa kumweleza kwamba hitima iliyokwisha kutangazwa ndiyo kwanza inatimia.

Alipofika mwisho aliinua mikono, akaomba kwa sauti kama inavyoombwa mbele ya watu. Alimtaja Ubeid, akamwombea nuru ya kaburi. Kisha akamtaja Dama wa Waa, kwa jina lake hasa, aruzukiwe wa kumjulia hali.

Hapo akanyamaza, pale ambapo watu huitikia. Chumbani hapakuwa na mtu.

"Amin," akaitikia mwenyewe, akaendelea na dua.