Nipe Mji

Nimejilaza kwenye majani juu ya kilele cha Irente, kofia imenifunika macho, na mdogo wangu Hidaya amelala ubavuni mwangu. Hatukuja Lushoto kutoka kwetu Korogwe kushindana na milima. Hidaya ametoka hospitali juzi juzi, mapafu yake bado hayajapona sawasawa, na daktari amemwambia atembee kidogo kidogo penye hewa nzuri. Basi tunatembea kidogo kidogo. Asubuhi tumekwenda kwenye maporomoko, tukarudi mjini tukanywa chai, tukapanda huku, na tukishapumzika tutashukia msituni. Dada, usije ukalala fofofo, ananiambia. Nafumba macho tu, namjibu, na kabla sijamaliza kusema majani chini ya mgongo wangu yanakuwa ya baridi, baridi ya kisimani, nami naketi na kutazama, na Hidaya hayupo. Pale alipolala majani bado yamebonyea. Njiani amesimama mtu mwenye kabuti refu na fimbo, kama wale wanaowatembeza wageni milimani, nami namkimbilia. Kaka, samahani, umemwona binti mwenye mtandio wa njano? Anageuka, na hana uso. Pale pa uso pana ngozi tupu, laini, imevutwa kama ya ngoma, lakini sauti inatoka. Ametangulia, anasema. Silipendi neno hilo, hospitalini nimelisikia likisemwa juu ya watu waliofunikwa shuka. Ametangulia wapi? Anaanza kutembea, na mimi namfuata, maana njia ni moja tu.

Njia inashuka, inapinda, inashuka tena, na kila inapopinda nauona mji wa Lushoto chini, na kila nikiukaribia najikuta niko juu, nauona tena chini. Miguu haichoki, na hilo linanitisha kuliko uchovu. Mbona hatufiki? namuuliza. Anayefika ni yule asiyeharakishwa, anasema, na papo hapo tumo mjini, lakini mji umegeuzwa kama unavyoonekana kwenye kioo. Msikiti uko upande wa kanisa na kanisa upande wa msikiti, maandishi ya madukani yanasomeka kutoka kulia, na sokoni wanawake wanapima maharage bila sauti, wote wana ngozi tupu pale pa uso. Kwenye benchi la mama mmoja muuza chai naona mtandio wa njano. Hidaya! Anacheka na wenzake wasio na midomo. Kifua chake hakikoromi, mashavu yamejaa, kwa miezi mingi sijamwona na afya namna hii. Dada, anasema, njoo ukae, huku pumzi haikatiki. Kisha anainua kikombe na kunywa, na namwona akipoteza nyusi, zinafutika polepole kama wino uliomwagiwa maji. Namshika mkono nimvute, mkono unateleza. Namgeukia mwenye kabuti. Akikimaliza hicho kikombe itakuwaje? Atapumzika, anasema. Namrudisha vipi? Anagonga fimbo chini, na soko zima linanielekea. Kitendawili! anasema. Tega, namjibu. Nikifunga mlango ndipo ninapoona nje. Nawaza, nawaza, ni jambo jepesi, nalijua, liko kwenye ncha ya ulimi, lakini kila neno ninaloligusa linazama. Ni taa, nasema. Siyo. Ni kaburi. Bado, anasema, na Hidaya ananyanyua kikombe tena, pua yake inafifia. Nimeshindwa, napiga kelele, nipe jibu! Soko lote, bila mdomo hata mmoja, linanijibu kwa pamoja: Nipe mji.

Utotoni tulikuwa tunatoa miji ovyo, ukishindwa unasema chukua Mombasa, chukua Bagamoyo, mtegaji anaupokea kwa kicheko na jibu unapewa. Chukua Tanga, namwambia. Tanga si yako, anasema, nipe ulio wako. Chukua Moshi. Moshi ulipita tu. Hidaya amebakiwa na macho, nayo yananitazama kama yanayomtazama mgeni, kikombe kimeinama, na ulimi wangu unasema wenyewe. Chukua Korogwe. Anainamisha kichwa, kama mtu anayeonja mchuzi. Nakwenda Korogwe, anasema, nakuta nyumba yenye ua wa minyaa na mwanamke akitwanga kisamvu, nakula, nashiba, narudi navyo vyote. Na ninaposikia vitu hivyo vinatajwa, vinanitoka, kimoja baada ya kingine, najisikia mwepesi kama gunia linalomwagwa. Jibu ni ndoto, anasema. Lakini sikukwambia ni ya nani.

Nafumbua macho. Jua, majani, bonde la Mazinde chini kabisa likiwa na ukungu. Hidaya ameketi kando yangu, ana nyusi zake, pua yake, kifua kinakoroma, nami namkumbatia mpaka analalamika. Dada, unaniumiza, una nini? Simu yake inalia. Anaongea, anacheka, anasema tuko salama, tumetembea vizuri, kisha ananipa. Chukua, anataka kukusikia. Sauti ya mwanamke, ya utu uzima, inaniita mwanangu, inauliza mbona sauti yangu iko mbali hivyo. Shikamoo, nasema, kwa sababu ni mkubwa. Marahaba, mwanangu, mtarudi lini nyumbani? Hidaya ananitazama na kutabasamu, ananisubiri nijibu. Nauliza kwa adabu yote niliyofundishwa, sijui na nani: Samahani mama, nyumbani ni wapi?