Mahudhurio Asilimia Mia

Saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, Mama Pindo alipanda juu ya kiti cha plastiki katika ukumbi wa kata, akatundika bango alilolishona mwenyewe: MRADI WA UTAWALA BORA NA KUPUNGUZA UMASKINI. Alipogeuka ashuke, walengwa walikuwa wameshaingia na kukaa bila kuburuta kiti hata kimoja. Mstari wa tatu, karibu na dirisha, mumewe aliyefariki miaka minne iliyopita alikuwa akichonga penseli.

"Leo hata salamu hakuna?" mumewe aliuliza.

"Nilikuwa huko juu, baba watoto. Umeamkaje?"

"Salama. Hicho kiti kina mguu mbovu, siku moja utanifuata."

Hii ilikuwa semina ya saba, na ukumbini hapakuwa na wa kushangaa. Jambo lenyewe lilianza kwa unadhifu. Wafadhili walitaka orodha ya maskini arobaini, yenye majina kamili, umri na ndugu wa karibu. Karani wa kata akapekua makabati siku mbili. Madaftari ya walio hai yalikuwa yameliwa na mchwa. Daftari moja tu halikuwa na pengo: la vifo. Akalinakili kwa mwandiko wake mzuri, orodha ikapitishwa, na siku ya kwanza ya semina marehemu, kwa kuwa ni watu wa adabu, waliitikia wito.

Walikuwa washiriki wa kupigiwa mfano. Hawakusinzia, hawakupokea simu, hawakuulizia nauli. Mwezeshaji alitamka wazi kwamba kwa walio hai harudi tena. Kasoro yao ilikuwa moja: hawakuweza kubeba kitu kupita mlango wa ukumbi. Kwa hiyo kila walipogawiwa vifaa, karani aliwatunzia nyumbani kwake, hadi chumba chake cha wageni kikawa hakifunguki.

Mama Pindo hakuwa kwenye orodha. Aliwahi kuomba.

"Nafasi zimejaa, mama," karani alimjibu kwa huruma. "Labda mmoja wao apate nafuu."

Basi akabaki mtu wa bango. Kila baada ya miezi mitatu alilitundika, na wakati wa mapumziko aliketi kando ya mumewe. Siku ya kwanza alimuuliza mbona hapiti nyumbani. "Nimeandikwa hapa," mumewe alisema. "Nyumbani sijaandikwa."

Asubuhi hiyo, chini ya bango, Mama Pindo alikuwa ameweka kichwa cha cherehani yake, kimefungwa kwenye shuka. Kilikuwa kimekwama wiki ya pili, na sare kumi na nane za shule zilikuwa zimeshakatwa, zinamsubiri. Wazazi walianza kumpitia wakiwa wamenuna. Yeye hakumwambia mumewe. Marehemu alikuwa fundi baiskeli, na tangu alipoipaka cherehani ile grisi ya mnyororo na kuharibu gauni la bibi harusi, alipigwa marufuku kuigusa.

Leo mradi uligawa cherehani arobaini. Alikuja pia mkaguzi kutoka kwa wafadhili, mwanamke mpole mwenye faili. Akaita majina. Arobaini wakasema, "Nipo."

Mkaguzi akamtazama mume wa Mama Pindo, kisha sakafu.

"Huyu mbona hana kivuli?"

"Umaskini, mheshimiwa," karani alisema. "Ndio huo tunaupunguza."

"Ni marehemu?"

"Kidogo."

Mkaguzi akapitia fomu. Palikuwa na sehemu ya kuwepo na sehemu ya kutokuwepo. Uhai haukuulizwa. Akaweka tiki. Lakini alikuwa na moyo mzuri, na aliona shuka chini ya bango.

"Mama, kanuni inaruhusu mke kuandikwa mahali pa mume. Nikuandike? Cherehani unaondoka nayo sasa hivi."

Ukumbi ukatulia, ingawa ulikuwa umetulia tangu asubuhi.

"Andikwa, mama watoto," mumewe alisema. "Mimi utawala bora umeshaniingia."

"Nikiandikwa, wewe unakwenda wapi?"

"Si kulekule ninakokaa."

"Na semina ijayo?"

Mumewe akapuliza vumbi la penseli. Mama Pindo alizifikiria sare zote kumi na nane, moja baada ya nyingine, pamoja na makwapa yake.

"Mwache alivyo," alimwambia mkaguzi. "Ana mwandiko mzuri."

Mkaguzi akafunga faili. Karani akaanza kupakia cherehani arobaini kwenye gari, ili akazitunze.

"Haya, lete hicho kichwa," mumewe alisema.

"Usiweke grisi."

"Kidogo tu."

Mwezeshaji akiwa kwenye mada ya uwazi na uwajibikaji, marehemu alifungua skrubu kwa ncha ya mkasi wa mkewe, akatoa donge la uzi, akapaka grisi aliyokuwa nayo chini ya kucha tangu enzi zile. Gurudumu likazunguka. Mama Pindo akatoka nacho mwenyewe mlangoni, kichwa begani, na kufikia Ijumaa sare zote zilikuwa zimevaliwa.

Ripoti ilisema mahudhurio asilimia mia. Mradi ukaongezewa miaka mitatu, kwa orodha ileile. Mama Pindo akaagizwa bango jipya, akalipinda kingo nene, za kudumu. Karani aliona doa jeusi la grisi pembeni, akataka lifuliwe.

"Liache," Mama Pindo alisema, akapanda kiti.

Safari hii mumewe alikuwa amewahi, ameushika ule mguu mbovu.