Lenzi Isiyosagwa

Kila Jumanne Mamle huchoma shanga za vioo, na Jumanne ile tanuri lilimshinda. Tangu kliniki wamtoe mtoto wa jicho na kumtia lenzi ya plastiki, moto ulimrushia tao jeupe machoni, asijue kioo kimeiva au kimeungua. Na Korkor, mjukuu wake, alikuwa achezwe dipo, unyago wa Wakrobo, baada ya wiki sita. Shanga za kiuno alizoahidiwa zilikuwa bado ni chupa tupu, hazijapondwa wala kuchomwa.

Kliniki, muuguzi hakuinua hata kichwa.

"Utazoea, mama."

"Nizoee nini? Lenzi yenyewe haijasagwa ukingo. Shanga kama hii mimi siiuzi."

"Wote wanalalamika hivyo. Utazoea."

Basi akarudi nyumbani, akakaa kwenye jiwe lake la kusagia shanga, akamwagia maji na mchanga. Akaitoa lenzi kwa ukucha, akausugua ukingo taratibu mpaka ukali ukafifia, akaisuuza, akairudisha jichoni. Tao likatoweka. Akaenda kupika banku.

Jioni jirani yake Tettey alileta lenzi yake ndani ya kifuniko cha chupa. Kesho yake walikuwa tisa, wameegemea ukuta, kila mmoja jicho moja kalifumba.

"Heri ningebaki na ukungu wangu," mmoja alimwambia mwenzake. "Kumbe umezeeka hivi?"

Wiki ya tatu muuguzi aliacha kusema utazoea. Alisema, "Nenda kwa Mama Mamle, mlango wa bluu." Daktari naye alikuja, akauliza anatumia mchanga gani.

"Wa mtoni."

Akaandika. Lenzi zilizofuata zilikuwa na ukali ule ule, ila sasa zilikuwa nyingi zaidi.

Inachosha, jamani. Mtu ana mikono miwili tu, na nani ana moyo wa kumwambia kipofu wa jana asubiri?

Siku ya dipo, Korkor alitoka kucheza akiwa amevaa kiunoni shanga za plastiki za dukani.

"Kwa mbali hazijulikani, bibi," alisema.

Mamle alikaa mbele. Jua lilikuwa kali, na hakuna kilichomng'aria. Aliziona moja moja, mpaka mshono wa kiwandani. Roho ilimuuma.

Mtu akamgusa bega, ngumi kaifumba.

"Samahani, mama. Kliniki wamenielekeza kwako."

Mamle akakinga kiganja.