Maji Makali ya Myanga

Edinah Nakhungu alikuwa na hoteli ya chai na mandazi sokoni Myanga. Siku mifereji ya maji ya bomba ilipofunguliwa pale sokoni, alicheza mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Miaka yote akina mama walikuwa wakiteremka bondeni kuchota maji ya chemchemi na kuyapandisha kichwani. Sasa maji ya kisima kirefu yalivutwa na mashine, yakapanda tangini, yakashuka mpaka jikoni kwake, maangavu kabisa.

Aliyehangaikia yote hayo ni Mzee Walubengo, fundi wa mabomba aliyestaafu na mwenyekiti wa kamati ya maji. Alikuwa amezunguka ofisi za Bungoma mjini mpaka soli za viatu zikaisha, kisha akachimba mitaro pamoja na vijana. Watu walimpenda kwa hilo.

Lakini masika yalipoisha, chai ya Edinah ilianza kuwa na ladha ya msumari. Chini ya mfereji wake, beseni jeupe likashika doa la rangi ya buluu na kijani ambalo hata majivu hayakulitoa. Edinah alidhani ni sufuria imezeeka. Akabadilisha sufuria, ladha ikabaki.

Wakati huo mkaza mwanawe, Jepchumba, alikuwa na mimba ya kwanza. Muuguzi alimwambia anywe maji kwa wingi, naye alitii. Kila akimaliza jagi, Edinah alimjazia jingine.

Jumamosi moja alikuja mgeni kutoka Kitale, Zaitun, binti wa marehemu rafiki yake Edinah. Zamani mama huyo na Edinah waliuza mitumba pamoja sokoni Kitale, wakigawana hata chumvi. Kwa hiyo Zaitun alimwita Edinah mama mdogo. Alikuwa akifanya kazi ya kupima maji ya visima, na siku hiyo alitoka kazini Tongaren, mkoba wa vifaa ukiwa bado begani.

Alionja chai, akaweka kikombe chini.

"Mama mdogo, haya maji mnatoa wapi?"

"Si ni ya mfereji! Ati hata wewe unasikia hiyo chuma?"

Zaitun aliinuka, akaliona lile doa la beseni. Alikinga maji kwenye gilasi, akatumbukiza kipimo chake kidogo na kungoja namba itulie. Ikatulia kwenye tano na kitu.

"Hii inaitwa pH," alisema. "Inaonyesha kama maji yana asidi. Saba ni katikati. Ya kunywa tunataka yasishuke chini ya sita na nusu. Haya ni makali."

"Makali na hayana hata uchafu?"

"Ukali hauonekani, mama. Maji kama haya yanakula mabomba na mifereji ya shaba polepole. Hilo doa ni shaba. Na mifereji mingine ina madini ya risasi ndani yake. Hiyo risasi ikiingia kwa maji, huionji wala huioni, na inaumiza mtoto, hata aliye tumboni."

Edinah alimtazama Jepchumba, aliyekuwa mlangoni na gilasi mkononi. "Basi nitachemsha."

"Kuchemsha kunaua vijidudu. Madini hayaendi."

Jepchumba akaiweka gilasi mezani taratibu, kana kwamba ingelipuka.

Walipomwendea Mzee Walubengo, alisikiliza mpaka mwisho, akiwa amejishika kiuno. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hiyo mifereji nilichagua mimi mwenyewe, bana. Nilitaka kitu ya kudumu."

"Kazi yako ni nzuri, mzee," Zaitun alimjibu. "Hakuna aliyepima maji kabla. Tupeleke sampuli maabara, lakini kwa sasa watu wasinywe."

Walubengo aliondoka akaenda kufunga valvu mwenyewe. Jumatatu soko lilimjia juu. Wengine walisema Zaitun ametumwa kuwaharibia. Mzee alisimama mbele ya tangi, akasema, "Nitukaneni mimi. Lakini mtoto wa mtu hatakunywa hii." Akina mama wakarudi bondeni wakinung'unika, na Edinah akiwa mbele yao.

Majibu ya maabara yalithibitisha: shaba ilikuwamo, na risasi pia. Jepchumba alipimwa damu hospitalini. Daktari akamwambia kiwango cha risasi ni kidogo, na kwamba ni heri amewahi kuacha. Alilia kwa faraja pale pale kwenye benchi, mama mkwe wake akimshika mkono.

Zaitun aliendelea kuja kila alipopata nafasi. Kwa maelekezo ya wenzake wa kazini, Walubengo alijenga tangi dogo lililojazwa kokoto za chokaa, maji yapite humo yapunguze ukali. Mifereji ya shaba aliing'oa yote, akaweka ya plastiki. Zaitun alimfundisha kupima, na kila wiki mzee alitumbukiza kipimo mbele ya watu na kuitangaza namba kwa sauti. Maabara iliporidhika, valvu ikafunguliwa.

Jepchumba alijifungua msichana mwenye sauti kubwa. Edinah aliwaalika Zaitun na kaka yake Osman. Jogoo aliachwa hai mpaka Osman alipofika, ili amchinje mwenyewe kwa desturi ya Kiislamu, na wageni hao waile nyama bila wasiwasi.

Chakula kilipotengwa, Mzee Walubengo ndiye aliyekaa kichwani pa meza. Kwa desturi ya kwao, firigisi ni ya mwenye heshima, na miaka mingi wanawake hawakuigusa. Mzee aliichukua, akainuka, akazunguka meza na kuiweka kwenye sahani ya Zaitun.

"Mzee, hii ni yako," Zaitun alinong'ona.

"Kula, mwanangu. Orio muno. Asante sana."

Edinah alipiga kigelegele. Zaitun aliimega firigisi, akaila huku machozi yakimtiririka, na Jepchumba akamsogezea mtoto ampakate.